Kwa mpwa wangu anayetaka kupima methani

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia kutoka Moshi, analalamika kwamba umeacha uhasibu unataka "kazi ya kupima hewa". Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wana wasiwasi kama wake. Nenda kasome.

Unajua kazi yangu hapa Arusha: najenga mitambo ya biogesi, na sehemu kubwa ya gesi ile ni methani. Nikishafunga bomba, napaka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye koki. Penye tundu, povu linavimba, linapasuka, linavimba tena. Bila sabuni jicho halioni chochote.

Lakini nani atapaka sabuni bomba la gesi asilia, ambayo nayo sehemu kubwa ni methani, la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500? Hapo ndipo anapohitajika mtu kama wewe, mwenye kamera ya infraredi, ndege yenye vipimo, au data za setilaiti. Kipimo peke yake hakitoshi: kinakuambia gesi imekolea kiasi gani hewani, na lazima uujue upepo ndipo upate kilo zinazovuja kwa saa. Kwa hiyo hesabu usiikimbie.

Marekani, kwa miaka mingi, makadirio ya serikali ya methani inayovuja yalitegemea kuhesabu vifaa na kuzidisha kwa wastani wa uvujaji wa kila kifaa. Watafiti wakaenda kupima kwenye visima vyenyewe, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba uvujaji wa sekta ya mafuta na gesi ulizidi makadirio hayo kwa asilimia 60 hivi. Sehemu kubwa hutoka mahali pachache palipoharibika: valvu iliyokwama, mwenge wa kuchomea gesi uliozimika, mfuniko wa tangi ulioachwa wazi. Vitu vya kurekebishwa na fundi kwa spana! Ila lazima kwanza mtu aseme viko wapi.

Na haraka ipo. Kwa miaka 20, tani ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi, lakini hudumu hewani miaka kama 12 tu. Utakachoziba ukiwa kijana, nafuu yake utaiona mwenyewe. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Bila wapimaji, nani atajua kama wametimiza?

Jaza fomu za chuo. Ada tutachangiana, na mama yako niachie mimi.

Mjomba wako