Talaka ilitamkwa tarehe ngapi?

Mteja akishakaa na kunywa maji, hilo ndilo swali letu la kwanza. Wengi hunyamaza. Mmoja atasema, "Ilikuwa baada ya Maulidi." Mwingine: "Siku ile alipoondoka kwenda Mombasa." Ofisi yetu ndogo hapa Lamu mjini hupanga karatasi za watu wanaokwenda kwa kadhi au kwa wakili, na tarehe hii inatusumbua kuliko jambo jingine lolote.

Tarehe ndiyo inayoanzisha hesabu ya eda, ule muda wa mke kungoja baada ya talaka. Anayepata hedhi hukaa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, asiyepata hukaa miezi mitatu, mjamzito hungoja mpaka ajifungue. Talaka ikiwa ya kwanza au ya pili, mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila nikaha mpya. Eda ikiisha, itabidi apose upya na atoe mahari, na mke ana hiari ya kumkataa. Muda wote huo wa eda ya rejea, chakula na malazi ni juu ya mume. Sasa mume akisema alitoa talaka mwezi wa Rajabu na mke akasema Shaabani, hata kujua kama wangali mume na mke inakuwa kesi.

Talaka za simu nazo zimezidi. Ikikujia kwa ujumbe, dada yangu, usiufute kwa hasira. Kama imepita au haikupita, hilo ni la kadhi kuamua, lakini ujumbe huo una tarehe na saa. Kisha kifuatilie cheti cha talaka. Tumewaona wanawake waliokaa miaka wakijiita wameachwa, mpaka siku ya kuposwa tena ndipo walipoulizwa karatasi.

Nyumba ina mambo yake. Ada ya zamani hapa ni baba kumpa binti nyumba, mume akaja kuingia kwa mkewe. Jina la binti likiwemo kwenye hati, nyumba yenyewe haileti vita. Vita huwa ni ya orofa iliyoongezwa juu. Kuna mzee alitujia na kopo la biskuti limejaa risiti: saruji iliyovushwa kutoka Mokowe, boriti, fundi, mahamali wa punda. Nyingine wino umefifia, tukazisoma kwa kuziinamisha dirishani. Lakini alikuwa nazo. Mali bila daftari huisha bila habari, na yeye daftari lake lilikuwa lile kopo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango si pesa tu: kupika, kulea watoto na kusimamia biashara ya nyumbani vinahesabiwa. Aliyechangia kuikarabati mali ya mwenzake naye hupata haki kwa kadiri ya mchango wake. Sheria hiyohiyo imewaachia Waislamu nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hivyo muulize wakili mapema mtasimama wapi. Wanaokuja wakiamini kila kitu hukatwa nusu kwa nusu tunawaambia ukweli: mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema nusu haiji yenyewe, ni lazima mchango uthibitishwe.

Matunzo ya watoto hayakatwi na talaka. Katiba imewabebesha baba na mama wote wawili, wawe wameoana au la. Andika ada ya shule, dawa na nguo, kila kimoja na siku yake.

Ukija kwetu, leta cheti cha ndoa, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na simu yenye ujumbe wako. Taarifa za M-Pesa tutazichapisha hapahapa. Hukumu hatutoi, na kesi ikihitaji wakili tutakwambia siku hiyohiyo. Watoto, ukiweza, waache kwa bibi yao. Tutauliza mambo ambayo hayafai wayasikie.