Nta ya sikio isisubiri rufaa

Ndugu Mhariri,

Kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, tunasikia habari za viziwi na vifaa vya kusaidia kusikia. Ni jambo jema. Ila sababu mojawapo ya kusikia kwa taabu, tena nyepesi kuiondoa kuliko zote, haizungumzwi: nta iliyogandamana sikioni. Mimi ni muuguzi mstaafu, na majirani wa Nyakato, hapa Mwanza, bado wananigongea mlango kwa ajili ya masikio yao, wakati kazi hiyo ilipaswa kufanyika kwenye zahanati iliyo karibu nao.

Nta si uchafu. Ngozi ya ndani ya sikio husogea taratibu kuelekea nje ikiibeba, na taya likitafuna huisaidia kutoka. Watu wengi hawahitaji kusafishwa masikio maisha yao yote. Wanaoziba mara nyingi ni wazee, wenye njia nyembamba, wanaovaa vifaa vya kusikilizia, na hasa hasa watumiaji wa vijiti vya pamba. Kijiti hakitoi nta. Kinaishindilia ndani kama mahindi kwenye gunia.

Sisi wa kando ya ziwa tuna la ziada. Nta ikilowa huvimba. Mvuvi au mtoto anatoka majini sikio limeziba ghafla, anadhani ni maji, anarukaruka kwa mguu mmoja kuyatoa. Hayatoki. Kesho yake anatafuta njiti ya kiberiti, pini au ufunguo, au anamwachia kinyozi amalizie na sikio baada ya ndevu. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu tu, na mwisho wake ni ngoma ya sikio. Kinyozi wangu ni fundi wa kichwa, simnyimi sifa, lakini hawezi kuona kilichoko mbele ya njiti yake.

Wengine siku hizi wanaagiza mishumaa ya masikio mtandaoni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishaonya juu yake mwaka 2010: haitoi nta, inaunguza watu. Ile takataka ya rangi ya kahawia wanayoonyeshwa baadaye ni mabaki ya mshumaa wenyewe.

Namna ya kitaalamu huanza kwa maswali. Sikio liliwahi kutoboka? Linatoa usaha? Limefanyiwa upasuaji? Je, hilo ndilo pekee linalosikia? Jibu likiwa ndiyo, maji hayaingii humo. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, atoe nta kwa mashine ya kunyonya au kwa kijiko chake maalumu huku akiona anachokifanya. Mwenye kisukari naye aseme mapema, maana maambukizi ya sikio kwake huweza kuwa makali. Kisha mhudumu achungulie kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuangalia ndani ya sikio. Nta ngumu hulainishwa kwanza siku tatu hadi tano kwa matone ya mafuta ya zeituni au ya sodiamu baikaboneti. Ndipo linaoshwa, kwa maji safi ya nyuzi 37, joto la mwili. Muuguzi mwenye haraka husahau hapa: maji ya baridi au ya moto huvuruga sehemu ya ndani inayotunza mizani ya mwili, na mgonjwa ataona chumba kinazunguka, pengine atapike. Maji yaelekezwe kwa upole ukutani mwa njia, juu na nyuma, kamwe si moja kwa moja kwenye ngoma. Akisikia maumivu, acha. Mwishoni chungulia tena.

Mzazi naye ajue kwamba si kila kinachoziba ni nta. Punje ya mahindi au haragwe likipata maji huvimba na kukwama zaidi. Betri ndogo ya saa au ya mwanasesere ni dharura: usitie maji wala mafuta, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huunguza nyama ya sikio ndani ya muda mfupi.

Sasa hoja yangu. Kazi hii haihitaji chumba cha upasuaji. Inataka taa ya kichwani, otoskopu, bomba la kuoshea, beseni, maji ya uvuguvugu na mhudumu aliyefundishwa lini aoshe na lini akatae. Haina maana mtu wa kisiwani avuke ziwa kuja kupanga foleni hospitali kubwa ya mjini kwa ajili ya nta, huku daktari bingwa akisubiriwa na wenye ngoma zilizotoboka. Na yule mwanafunzi wa dawati la nyuma anayeitwa mkaidi kwa kutoitika, nani amemchungulia sikio?

Nawaomba waganga wakuu wa halmashauri zetu, Jiji na Ilemela kwa kuanzia, wabandike kwenye mbao za matangazo ni zahanati na vituo gani vinaosha masikio, siku zipi na kwa bei gani. Visivyoweza, watuambie vitapata vifaa na mafunzo lini.

Muuguzi mstaafu,
Nyakato, Mwanza