Malalamiko: rimu za gari langu kuharibiwa kwa tina na stilwuli

Kwa Meneja wa Gereji,
Malindi.

Bwana Meneja,

Baada ya salamu. Nililileta gari kwenu lipigwe rangi bampa ya mbele na mlango wa kushoto. Kwa rangi yenyewe sina neno. Fundi wenu mkono anao. Malalamiko yangu ni ya magurudumu. Hakuna aliyeyafunika, hata kwa gazeti kuukuu, na rangi nyeupe ikatua kwenye rimu zote mbili za upande ule, vitone vimetapakaa kama chuya kwenye mchele.

Hilo peke yake lisingenifanya niandike, maana vitone vya rangi huondolewa. Ila mliviondoaje? Kijana wenu alichovya tambara kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akasugua. Rangi iliyochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, ikishakauka haikubali tina kwa urahisi, basi akazidi kukandamiza, kisha akachukua stilwuli, zile nyuzi za chuma za kusugulia. Stilwuli ni ya sufuria! Vitone vimetoka, na klia, ule utando angavu wa juu unaokinga rangi, umetoka navyo. Ukipitisha kidole kwenye spoku, ile mikono ya rimu, unasikia mikwaruzo, na kuzunguka nati mng'aro umekufa, pamebaki ukungu.

Kazi hii ina utaratibu wake, na gereji ya rangi ndiyo ya kwanza kuujua. Rimu huachwa ipoe, ikaoshwa kwa maji na sabuni mpaka mchanga na vumbi la breki viishe. Halafu hupitishwa ule udongo laini wa kusafishia bodi ya gari, huku pamelowana maji ya sabuni, bila kukandamiza. Kitone kikaidi hutiwa dawa ya kutolea lami, na hiyo nayo hujaribiwa kwanza nyuma ya spoku, pasipoonekana.

Msimamizi wenu aliniambia, “Ni magurudumu tu, si yatakanyaga matope?” Mimi nakaa Silversands, bahari iko karibu. Klia ikishakatika, unyevu wa chumvi hupenya chini ya rangi, alumini ikaanza kutoa unga mweupe na rangi ikabambuka.

Nataka rimu zote mbili zivuliwe tairi, zipigwe msasa, praima, rangi na klia upya kwa gharama yenu, au mnilipe nikafanyiwe kwingine. Kupuliza klia juu ya mikwaruzo sitakubali. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara. Nisipojibiwa kwa siku 14, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000; haya yangu hayafiki hata karibu.

Gharama hiyo tafadhali isikatwe kwenye mshahara wa kijana. Alitumia alichopewa.

Picha nimeziambatisha, na nambari yangu ya simu iko kwenye risiti yenu.

Mteja wenu,
Silversands, Malindi.