Kabla ya kukata kigozi cha ulimi, tazameni mtoto akinyonya

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu, mama mwenye chuchu zilizopasuka hupata washauri wawili kabla hajafika maternite. Bibi ya mtoto anasema maziwa hayatoshi, aongeze biberoni (chupa ya maziwa). Jirani anasema ulimi wa mtoto umefungwa, ukatwe. Wote wawili wamesema bila kukaa kumtazama mtoto akinyonya tangu mwanzo mpaka anapoachia ziwa.

Kila mtu ana kigozi chini ya ulimi. Inua wako mbele ya kioo utakiona. Shida, ndiyo huitwa ulimi kufungwa, ni pale kinapokuwa kifupi au kinene, au kimeshika karibu na ncha. Mtoto akilia ulimi hauinuki vizuri, haupiti ufizi wa chini, na ncha yake inaweza kubonyea katikati ikawa na umbo la moyo.

Mtoto anayenyonya vizuri hutoa ulimi, akaulaza juu ya ufizi wa chini, akalikumbatia ziwa kwa chini. Ulimi ukishindwa, ufizi ndio unabana. Chuchu inatoka bapa na nyeupe, mtoto anapiga "ta, ta" mdomoni, analala upesi, anaamka na njaa. Ziwa lisilotolewa maziwa linavimba, kisha linatengeneza kidogo. Hapo bibi anaonekana alisema kweli, kumbe maziwa yamepungua kwa sababu hayakutoka.

Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na kushika ziwa vibaya, na hilo ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi. Kwa hiyo tengenezeni hilo kwanza. Tumbo la mtoto liguse la mama, kichwa na mwili vinyooke, pua ielekee chuchu. Gusa mdomo wa juu kwa chuchu, ungoja afungue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umlete haraka, kidevu kitangulie. Usimsukume kisogo. Sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ibaki ikionekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo umwachishe, uanze tena.

Wakati huo maziwa yakamuliwe kwa mkono, mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi. Uji na maji ya sukari, hapana. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa masaa 24. Kuanzia siku ya 5 alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku. Kupungua uzito kidogo siku za kwanza ni kawaida, ila akipoteza zaidi ya asilimia 10, au akifika wiki 2 bila kurudia uzito wa kuzaliwa, apelekwe hospitali mara moja.

Ikiwa ushikaji umetengenezwa na mama bado anaumia, au uzito haupandi, na ulimi kweli umefungwa, kukata kunaweza kusaidia. Ni kazi ya sekunde chache: daktari au muuguzi aliyefundishwa anainua ulimi, anakata kigozi chembamba kwa mkasi uliosafishwa kitaalamu, mtoto anawekwa ziwani papo hapo. Mama aulizwe kwanza kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na kama katika familia kuna watu wanaotoka damu bila kukoma. Wembe wa nyumbani, au ukucha, usithubutu: chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na mirija ya mate, na pepopunda huingia kwa kidonda kama hicho. Kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakihusiki kabisa. Wanaokikata wanamwumiza mtoto bure.

Doa jeupe litakaloonekana chini ya ulimi kwa wiki moja au mbili si usaha. Msilisugue wala kulipaka chumvi. Damu ikiendelea kutoka, rudini hospitali.

Kwa maternite tuna ombi moja: mama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mkunga hajatazama mtoto akinyonya mara moja nzima, na kuangalia chini ya ulimi. Na mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, kigozi chake kiacheni, hata jirani akidai atachelewa kusema.

Wakunga wa Kadutu,
Bukavu