Mheshimiwa, maji ya lambo letu yapimwe

Mwangaluka Mheshimiwa. Cheo chako sikiandiki maana unajijua, ni wewe uliyesimama chini ya mwembe wa kijiji kwetu huku Nzega kiangazi kilichopita ukatuambia tuwe watulivu, wataalamu wanakuja kupima maji na udongo, na siku hizi kuna teknolojia ya kusafisha kila kitu. Tulikupigia makofi na mimi nikiwemo.

Sasa juzi usiku mvua imenyesha, tuta la marudio (mchanga uliokwishatolewa dhahabu) pale kwenye vati, lile tangi la wachimbaji la kuloweka mchanga kwa sayanaidi, limepasuka, tope lote likashuka lamboni. Asubuhi ng'ombe wa jirani yangu wakanywa kama kawaida, hata hawakufika mbali, wakaanza kutetemeka na kutoa povu wakadondoka palepale, ndama mmoja kafa mdomo bado uko majini. Mimi sio daktari wa mifugo ila kwa walivyokufa haraka nahisi ni sayanaidi, maana zebaki wanayokamatia dhahabu haiui hivo, zebaki inaingia polepole inakaa mwilini. Na hiyo ndo inanitisha zaidi.

Sayanaidi angalau jua na hewa vinaivunja taratibu. Zebaki haivunjiki Mheshimiwa! Wachimbaji wakiichoma na dhahabu inapaa tu na moshi, inamwingia anayechoma na watoto wanaocheza pembeni, afu inarudi chini, na ikishakaa kwenye tope la lambo vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwa samaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu hiyo uligundulika 1956, watu walikula samaki wa bahari yao tu, wengine wakazaa watoto wenye ulemavu. Mkataba wa kupunguza zebaki wenye jina la mji huo nchi yetu iliuridhia 2020, wewe unaujua kuliko mimi. Huku kwetu kambare wa lamboni ndo mboga ya watoto.

Ulitusifia bakteria wanaokula zebaki. Wapo kweli wanaoibadilisha, ila wanaigeuza kuwa mvuke, sasa mpaka uwe na mtambo wa kuukamata huo mvuke, hiyo sisi leo haitusaidii. Mbona hukusema vya karibu? Pumba za mpunga zinazochomwa bure nyuma ya mashine za kukoboa, ukizichoma kwenye pipa lenye hewa kidogo unapata mkaa ambao ukichanganywa na udongo unaishika zebaki isitembee kirahisi. Kuna majani ya vetiva, mizizi yake inashuka mita mbili mpaka tatu, yangepandwa kwenye lile tuta labda lisingepasuka. Kuna ritoti, chombo cha chuma unafungia humo mchanganyiko wa dhahabu na zebaki wakati wa kuchoma, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki na mchimbaji anaitumia tena, kwahiyo hata yeye hapati hasara. Sisemi wachimbaji wafukuzwe, nusu yao ni wadogo zetu.

Ila hata hivyo vyote vitaanzia wapi kama hakuna anayejua sumu gani iko wapi na kiasi gani? Baada ya ng'ombe kufa walikuja watu na gari, wakapiga picha, wakasema tusitumie maji ya lambo, wakaondoka. Tutumie yapi? Bomba la Ziwa Victoria limefika mjini, kwetu bado, visima vyetu tumechimba kwa mikono hapohapo ukingoni. Mke wangu ananyonyesha na anachota hapo kila siku, akiniuliza kama maji ni salama nakosa la kumjibu, na inauma sana mwanaume kukosa jibu la hivyo ndani ya nyumba yake.

Mheshimiwa hatuombi mtambo. Tuma mtu achukue maji ya lambo, ya visima na tope la chini, yapelekwe maabara, majibu yabandikwe ukutani ofisi ya kijiji kwa Kiswahili hata kama ni mabaya. Yapimwe tu. Uliahidi mbele yetu wote, na mvua bado zinaendelea na lile tuta mpaka naandika hivi liko wazi.