Usugu wa dawa: mbona lawama zote kwa mgonjwa?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa zisiwaue tena, ndiyo imenishinda. Eti tatizo ni wananchi, tunanunua antibayotiki dukani kama pipi, na dawa yake ni twende hospitali tukapime kwanza. Haya, tukapime.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu na mwanawe wa miaka minne kwenye kituo kimoja cha mtu binafsi. Mtoto ana homa, anakohoa, kamasi zinachuruzika. Nyumba nzima tulikuwa na mafua wiki hiyo. Tabibu hakumsikiliza kifua wala kumtazama koo. Akaandika vipimo. Malaria hakuna, mkojo safi, na Widali, kile kipimo cha damu cha taifodi, kikasoma O 1:80, H 1:160. “Mama, mtoto ana taifodi.” Antibayotiki mbili: seftriaksoni ya sindano siku tano, kisha sipro ya kumalizia nyumbani. Nikamuuliza kwa adabu kama amefikiria kuotesha damu, kuona kama bakteria wa taifodi wamo kweli. “Mzee, kipimo hakidanganyi.” Nikasema sindano hatuchomi. Akavuta daftari la mtoto akaandika “Amekataa matibabu”, akapigia mstari mara mbili. Bili ya vipimo tulilipa yote.

Kipimo hakidanganyi! Mhariri, hicho kipimo nimekifanya kwa mikono yangu maisha yangu yote ya kazi. Unaweka tone la seramu, yaani maji ya damu, juu ya kigae cheupe, tone la kitendanishi (dawa ya kupimia), unakoroga kwa kijiti, unatikisa, unainama kutazama kama chembechembe zimegandana. Macho ya fundi ndiyo mashine. Umeme ukikatika kitendanishi kikalala nje ya friji, jibu nalo halina uhakika. Na hata mambo yote yakienda sawa, kinachoonekana ni kingamwili tu, askari wa mwili dhidi ya maradhi, ambazo huenda zimebaki tangu ugonjwa wa zamani au zimeamshwa na maradhi mengine, malaria ikiwamo. Hili si siri wala si la wazungu tu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto waliolazwa Hospitali ya Teule, Muheza, mkoa wetu huu huu wa Tanga. Widali ililinganishwa na kuotesha damu. Kwa kiwango cha 1:80, yaani seramu ikizimuliwa mara 80 bado inagandisha, katika kila watoto 100 walioambiwa wana taifodi, waliokuwa nayo ni kama 26; na wale walitumia mirija, njia iliyo makini kuliko kigae. Jibu la “hakuna” ndilo lililoaminika. Mwaka 2014 ukatoka mwingine, watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara: zaidi ya theluthi mbili walikuwa na ugonjwa wa virusi, taifodi haikufika asilimia nne. Kirusi hakisikii seftriaksoni hata uichome asubuhi na jioni. Sasa niambieni, ni mwananchi gani aliyejiandikia zile sindano? Shirika la Afya Duniani limeziweka seftriaksoni na sipro katika kundi la dawa za kuchungwa, na anayepaswa kuzichunga ndiye mwenye kalamu. Lakini kipimo kinalipiwa, sindano inalipiwa. “Mpe maji, akizidiwa mrudishe” hailipiwi.

Baraza la Madaktari lipo, najua. Nani atalipelekea shauri la sindano zisizohitajika? Mtoto hakufa.

Na si dawa tu ambako mzigo humwangukia mgonjwa; hizo fomu za ridhaa ya upasuaji je? Mama yuko kwenye uchungu, usiku, anapewa karatasi ya Kiingereza na kalamu: “Saini hapa.” Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sisi tunaojitapa kwa Kiswahili tunamwekesha dole gumba bibi wa Handeni kwenye maneno ambayo hata muuguzi anayemshikia karatasi hajawahi kuyasoma akayamaliza. Hiyo ni ridhaa ya nani?

Pendekezo langu ni dogo. Kila karatasi ya Widali yenye jibu chanya igongwe muhuri mwekundu wa Kiswahili, herufi zisipungue ukubwa wa zile za bei: “Muheza, jibu kama hili lilikuwa kweli kwa watoto 26 kati ya 100.” Mchonga mihuri yupo sokoni, anamaliza kwa siku moja. Kituo kisichotaka muhuri kirushe shilingi mbele ya mgonjwa, angalau shilingi haihitaji friji.

Nanyi mkiandika tena habari hii, mwandishi wenu akae kwenye dirisha la maabara ya kituo chochote Jumatatu asubuhi, ahesabu karatasi za Widali zinazotoka, kisha awafuate wenye nazo mpaka chumba cha sindano. Akikosa nauli, nitamchangia.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Tanga