Shukrani kwa mama wa Borrowdale

Jamani kuna mama mmoja alinisaidia kule Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, hata jina sikumuuliza. Mie mwanafunzi wa Dar nimezoea masika, ila Seathwaite, kijiji kidogo cha hukohuko Borrowdale, ndo panaongoza kwa mvua kati ya sehemu wanazoishi watu huko England, kama milimita 3,500 kwa mwaka, na upepo unaileta ya ubavu mwavuli haufui dafu, basi la kurudi mjini Keswick limeshapita, nimelowa chapachapa. Akasimamisha gari lake limejaa manyoya ya kondoo, akanipa taulo (la mbwa nadhani, ila nani anachagua) na chai ya maziwa ya kwenye chupa, akanifikisha mpaka mlangoni hosteli, hela ya mafuta kaikataa katakata. Mama, Mungu akuzidishie, asante sana tena sana.